Mnazi wa Mama kwenye chungu: sera ya kamati ilivyompa nyumba vita vikiendelea

Wakuu, heshima kwenu.

Mnaobishana humu kwamba sera ya serikali haijawahi kumpa maskini nyumba, nawaletea niliyoyaona kwa macho. Siongezi chumvi, hata kwenye sifa zangu, ingawa ni nyingi.

Mimi ni mtu wa Tungue, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilinikimbizia Mtwara nikiwa kijana. Nikabeba zege mchana, nikasoma jioni, nikapata diploma ya ujenzi. Sikusomeshwa na mtu.

Wenzangu wenye vyeti walikwenda Dar. Mimi nikavuka Ruvuma kurudi, vita havijaisha.

Huku nyuma Mama, mjane, Wareno walikuwa wamemweka aldeamento, yaani kijiji cha uzio walikokusanya watu wasiwasaidie wapiganaji. Nyumba zimenyooka mstari, lakini hakuna aliyemiliki hata mlango.

Kwa msiojua pwani yetu: nyumba isiyo na mnazi wako ni kambi tu.

Mama aliomba kupanda mmoja, akakatazwa. Akauotesha kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Siku wanawake walipotoroka wakijifanya wanakwenda machamba, yaani mashambani, wenzake walibeba sufuria. Yeye kajitwika mche!

Wakafika eneo lililokombolewa na wapiganaji. Huko sera ya kamati ya kijiji ilikuwa fupi: ardhi ni ya wote, ukijenga na kupanda mti wa kudumu, nyumba ni yako, mwanamume au mwanamke. Na kijiji kizima kinakusaidia kukata miti na kukandika udongo.

Hiyo ndiyo serikali niliyoikuta. Haikuwa na ofisi, lakini mpima viwanja ikampata: mimi. Mistari yangu ilinyooka kuliko ya Wareno, na hakuna aliyefungiwa ndani.

Nyumba ya Mama ilipokauka udongo, akatokea baba mdogo, mdogo wa marehemu baba. Akataka Mama atoke.

"Hapa alilima kaka yangu," akasema mbele ya kamati. "Shemeji ni mgeni tu."

Mwenyekiti, mama mmoja mkavu, akauliza, "Mnazi huu kaupanda nani?"

"Mimi, kamarada," Mama akajibu. "Nimetoka nao kule ndani ya uzio."

Baba mdogo akacheka. "Mnazi gani huo? Hauna hata kidaka cha nazi!"

"Hata wewe shemeji ulizaliwa huna ndevu. Mbona tulikuita mwanamume?"

Watu hoi kwa kicheko. Mimi sikucheka. Akishindwa pale, Mama angelala wapi?

Mwenyekiti akasimama. "Ardhi haikuwa ya kaka yako, wala si ya huyu mama. Nyumba ni yake. Na wewe kamarada, una mikono. Chukua kiwanja, tutakuja kukandika."

Nikampimia palepale, jirani na Mama.

Jioni baba mdogo akaja mlangoni, macho chini. "Shemeji, mbegu ya mnazi hunayo?"

Mama akampa chungu kilekile. "Anza na hiki. Kimezoea kuhama."

Leo minazi yote miwili inazaa, na wajukuu wanaigombania.

Somo langu, wakuu: mpe mtu mahali, msaidie kujenga, kisha mhakikishie hatolewi. Hata adui yake atataka kuwa jirani.

Kwenu huko, serikali imewapa lipi kati ya hayo? Shusheni maoni. Wa kunipinga karibuni pia, diploma yangu ninayo.