Kisima Nilichokifukia Mwenyewe

Mimi ni mtu wa papara, sikatai. Kisima cha babu, nje kidogo ya Habaswein, nilikifukia mimi, wiki ileile tulipopata kisima cha mashine. Mbuzi alikuwa ametumbukia humo, tukamwopoa, nami nikapata kisingizio. Shangazi yangu, eedo kama tunavyomwita, alisimama akinitazama nikibingirisha mawe. Alisema tu, "Kisima hakifukiwi, mwanangu. Huachwa." Nikamcheka. Nikamwambia zama za kuvuta kamba zimepita.

Mwaka jana mvua ikakata barabara ya Garissa. Kwetu halikudondoka hata tone, lakini lori la dizeli lilikwama huko matopeni, na mashine ya kisima ikanyamaza. Haya, nikasema, tupige simu tuulize. Simu gani? Mnara wa simu nao hula dizeli hiyohiyo. Mnara ukizima, duka halipokei malipo, na mwenye pikipiki hana petroli ya kwenda kuulizia. Nikawa naingia, natoka, natazama barabara, naitazama simu, narudi tena barabarani. Kila kitu kilikuwa kimeshika mkia wa kingine, na cha mbele kabisa kimelala.

Siku ya tatu mbuzi wa eedo wakaanza kujilaza mchana. Wanaomlisha ni hao tu. Hana mume, hana mtoto, hana mshahara kama mimi mwalimu. Wawili hawakuamka. Akaja mlangoni kwangu na koleo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Tukaanza kufukua, mimi chini, yeye juu akivuta karai la mawe kwa kamba. Mawe yale nilikuwa nayajua moja moja. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kweli ilikuwa imekwisha kunimeza hadi kifuani.

"Zama za kuvuta kamba," alisema, akimwaga karai.

Akaliteremsha tena, nikalijaza.

Kesho yake, alasiri, nikiwa nimezama urefu wa watu wawili, mchanga ukawa baridi. Kisha yakatoka maji ya tope, ya kujaza sufuria moja. Eedo akayavuta, nikasikia mbuzi wakisukumana juu yangu. Wakati huohuo mashine ikanguruma mjini. Lori limefika, alhamdulillahi. Nikatupa koleo, nikashika kamba nipande.

Kamba haikukaza. Nikainua macho. Eedo alikuwa ukingoni, ameilegeza mkononi.

"Nimeisikia hata mimi," alisema. "Chimba."