Mkono Uliokufa Chini ya Blanketi

Nakumbuka ile siku ya lori la mkonge, mwanangu, hata nisipotaka kuikumbuka, maana kila nikivaa shati upande mmoja unaning'inia mtupu. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza mkono wangu uko wapi, nilikwambia ulikatwa na mashine. Nilitaka tu unyamaze. Mashine haikuniondolea mkono. Mkono wangu aliuua mtu aliyekuwa akisomea mtihani, na jina lake ni Ezekieli.

Leo nakuandikia kwa sababu wewe pia unasomea mtihani, huo wa kupewa leseni ya udaktari, na jana jioni nilisikia humu nyumbani neno lililonichoma. Nitalifikia. Usiniharakishe, kuandika nilijifunza ukubwani, na naandika polepole kwa huu mkono wa kushoto.

Ulikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji waliojificha msituni. Nilikuwa kijana, ndevu ndio zinaanza, nafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Rongai, kwa mzungu tuliyemwita Kipara. Ezekieli alikuwa dresa wa shamba. Ndiye aliyetufunga vidonda na kutugawia kwinini. Lakini hakuwa na cheti cha serikali, na bila cheti hicho angebaki hapo shambani mpaka azeeke. Mtihani ulifanywa Nakuru. Miezi mingi tulimsikia akikariri mambo ya mwili kama mtu anayesali: moyo una vyumba vinne, mishipa hii inapeleka damu, ile inarudisha, mifupa ya mkono ni huu na huu. Tulimcheka, lakini tulijivunia pia. Alikuwa mtu wetu.

Asubuhi ya siku moja kabla ya mtihani, mashine ya kukwangua mkonge ikanishika. Ilinirarua chini ya kiwiko, damu ikaruka. Ezekieli akaja mbio. Sitamnyima haki yake: alikaza kitambaa kama kamba juu ya kiwiko, akakisokota kwa kijiti mpaka damu ikakoma. Kisha nikangojeshwa. Lori la Nakuru lilikuwepo, lakini Kipara alisema haliondoki likiwa nusu. Nikakaa chini, kamba hiyo imenikaza mkono, nikitazama wenzangu wakipakia marobota ya mkonge hadi jua likapita utosini. Kwa hiyo Kipara naye namtaja. Asidhani nimemsahau.

Tulipoondoka nililazwa juu ya mkonge, karibu na kile kidirisha cha nyuma ya dereva, ambacho hakikuwa na kioo. Mbele alikaa dereva, Ezekieli, na Zakaria, dresa wa shamba jirani aliyekuwa akienda mtihani uleule. Ezekieli akanisukumia blanketi kupitia kidirisha hicho.

"Funika huo mkono wote," akasema. "Kuna kizuizi mbele. Askari wakiona damu kwa kijana Mkikuyu watasema umetoka msituni, na hapo sijui nitakutetea vipi."

Alisema kweli. Siku hizo kijana mwenye jeraha alipigwa kwanza, akaulizwa baadaye. Nikafunika. Kizuizini askari mmoja akapanda tairi, akanichungulia.

"Huyu ana nini?"

"Malaria, afande," akajibu Ezekieli na koti lake jeupe.

Walitukalisha hapo muda mrefu wakikagua vipande vyetu vya utambulisho, kisha wakatuachilia. Lori lilipopata mwendo, Zakaria akaangua kicheko.

"Haya daktari, umesema malaria. Nipe dalili zake!"

"Homa, kutetemeka, kichwa kuuma, bandama kuvimba!"

"Inaletwa na mbu gani?"

"Anofelesi, tena jike! Niulize ngumu, wewe."

Wakaendelea hivyo, swali kwa jibu, na blanketi likabaki palepale. Mwanzo mkono uliniuma kama umetiwa kwenye makaa. Halafu maumivu yakaanza kwenda mbali, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikagonga bati.

"Dresa, vidole sivisikii."

"Vumilia kijana, tunakaribia."

"Nitazame tu, tafadhali."

"Bwana, unanikatiza! Kesho nani atanijibia, wewe?"

Dereva akacheka. Nikaacha kugonga. Yeye alikuwa mtu wa kusoma, mimi shule niliiacha kabla sijajua kuandika barua. Nilidhani kama mkono ungekuwa unakufa, yeye angejua.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hili nililisikia kwa masikio yangu. Zakaria akamwuliza, "Ukishafunga kamba ya kuzuia damu, unafanya nini?" Ezekieli akajibu bila kusita: "Kamba isifunikwe kamwe. Vidole vitazamwe rangi na vishikwe kama vina joto. Ilegezwe kila baada ya muda, isije ikaua mkono."

"Safi!" Zakaria akapiga kofi. "Hiyo lazima ije."

Mkono wenyewe ulikuwa nyuma ya shingo yake. Angegeuka tu, angeugusa.

Mjini tulianzia stesheni kushusha mkonge, kwa amri ya Kipara. Jua lilikuwa linashuka tulipofika hospitali. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mzee mwenye sauti ndogo. Alifunua blanketi. Vidole vilikuwa na rangi ya risasi, baridi, vimekakamaa. Akavichoma sindano kimoja kimoja. Nilimwona akichoma, sikusikia kitu.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi, daktari." Ezekieli akasimama wima kama tayari yuko mbele ya watahini. "Kamba isifunikwe kamwe, vidole vitazamwe..."

"Kanuni sijakuuliza. Nimekuuliza, uliangalia?"

Daktari hakungoja jibu.

"Jeraha hili lilikuwa la kushona tu," daktari akasema. "Mkono umeuawa na kamba yako. Huyu kijana akiamka hana mkono, usimwambie ni mashine."

Ezekieli hakuniambia kwamba ni mashine, wala kingine chochote, kwa sababu hakuja. Aliyekuja wodini ni Zakaria. Alisimama mbali na kitanda akanipa habari kwamba wote wawili wamefaulu. Swali la kamba lilikuja kweli, na Ezekieli alilijibu lote. Akapewa zahanati upande wa Subukia, watu wakamwamkia daktari. Mimi nikarudi Rongai, Kipara akanifukuza. Mtu wa mkono mmoja ana kazi gani kwenye mkonge?

Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe. Labda ningeweza, kama angekuja siku moja akakitazama kile alichokifunika.

Najua utaniambia, baba, siku hizi tunafundishwa kamba hailegezwilegezwi njiani. Sawa. Sibishani na vitabu vyako, na huenda vitabu vya Ezekieli vilikosea. Lakini sijasikia kitabu, cha zamani wala cha leo, kinachomwambia daktari asigeuke anapoitwa.

Jana jioni ulikuwa chumbani ukikariri mifupa ya sikio. Dada yako Wanjiru akaja mlangoni, ameshika sikio lake, analia. Ukamwambia, "Nenda kwanza, unanikatiza." Neno lilelile, mwanangu. Nilikuwa jikoni, kikombe kikaniponyoka. Leo asubuhi mto wake ulikuwa umelowa usaha, na wewe ulikuwa umeshaanza tena mifupa.

Soma. Sikukatazi kusoma, nimeuza mbuzi wangu ili usome. Kariri kila kitu wanachotaka, uwajibu watahini mpaka wachoke. Lakini mtu akikuita, funga kitabu, mgeukie, mfunue, mguse mahali anaposema panauma. Ukishamwona, rudi kwenye kitabu chako.

Sasa inuka uende kwa dada yako. Mungu akupe cheti unachokitafuta, na akupe shingo inayogeuka. Na yeyote utakayemfunga kamba, arudi kwao na mikono yake yote miwili.