Dada Restuta na Kompyuta Iliyokataa Chanjo

Dada yangu Restuta alipopunguzwa kazi, barua ya majina aliipiga chapa mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mwaka 1994. Alikuwa mpiga chapa wa chama kimoja cha ushirika hapa Lindi kwa miaka kumi na mitano, tangu alipoteremka kutoka kwetu Rondo akiwa msichana mwenye kandambili za kuazima. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuja na magari yao, na ushirika ukawa hauna tena kazi ya kuwatosha watu wote. Mkubwa wake alimpa orodha iliyoandikwa kwa mkono. Jina lake lilikuwa la saba. Anasema alipofika namba saba hakukosea hata herufi moja, akaichomoa karatasi kwenye mashine, akaenda kuibandika ubaoni.

Baadaye alichukuliwa na Mzee Husain, mwenye duka la madaftari na fotokopi. Wakati huo dada hakuwa amewahi kuona kompyuta. Mzee Husain aliponunua moja, mwaka 2002, dada alikuwa amevuka miaka arobaini. Alijifunza kwa kusoma kitabu kilichokuja na boksi, ukurasa mmoja kila asubuhi kabla wateja hawajafika. Kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wanamletea kadi za harusi, risala na barua za maombi ya kazi. Lakini kazi iliyomweka pale ilikuwa moja: mitihani ya muhula ya shule za msingi za kata kadhaa. Mitihani hiyo ililetwa na Bi Mwanasha, mama mmoja aliyekuwa akiiratibu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiona.

Mwaka 2005, mwezi wa Agosti, Bi Mwanasha alikuja na uso uliokunjamana. Maswali ya darasa la sita yalikuwa yamegeuka vimraba vitupu. Virusi vilikuwa kwenye kompyuta ya dada, vikapanda kwenye flashi, vikaingia hadi shuleni.

"Restuta," alisema, "mimi na wewe tumekula sahani moja. Lakini mtihani si pilau, siwezi kula nikanyamaza. Mashine yako inaumwa na inaambukiza wenzake. Ichanjeni. Jumatatu ya wiki ijayo nakuja na flashi mpya. Nikikuta bado, mtihani naupeleka Mtwara."

Alipoondoka, Mzee Husain alianza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Bila mitihani, mimi kompyuta ya nini, Restuta?" alisema mwishowe. "Nitaiuza. Nitabaki na fotokopi. Na fotokopi naibonyeza mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Dada aliniambia ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Mpwa wake Mzee Husain, aliyekuwa Dar es Salaam, alituma kwa basi sidii yenye apdeti ya usalama, ndiyo hiyo chanjo ya virusi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Dada alifuata kila mstari. Kompyuta ikaandika asubiri kama saa moja, na asiizime. Akaiacha kwenye chumba cha nyuma, akaenda kaunta kuhudumia wateja. Aliporudi akakuta kioo cheusi. Akaiwasha, ikamwandikia kwamba apdeti imeshindikana, aanze upya. Akaanza upya. Ikashindikana tena, na tena. Mzee Husain akasema sidii ina mikwaruzo. Ikaletwa ya pili, nayo ikawa hivyo hivyo. Ndipo wakaanza kuushuku umeme, kwamba unakatika kidogo na kurudi, na dada akanitumia salamu niende kupima.

Mimi ni fundi wa majokofu. Niliishia darasa la saba, na kazi nilifundishwa na fundi mmoja wa soko la samaki. Kompyuta nilikuwa sijawahi hata kuigusa. Nilifika Alhamisi asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja na gesi? Maana hii yetu haigandishi."

Dada alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akaianzisha apdeti mbele yangu, akaifunika kompyuta kwa kitambaa, akarudi kaunta. Mimi nikabaki na mita yangu kwenye soketi. Mshale haukuyumba. Baada ya kama nusu saa nikasikia mvumo wa kompyuta umekatika, pu, wakati feni ya dari inaendelea kuzunguka. Basi si umeme. Nikaweka mkono juu ya boksi la kompyuta, juu ya kile kitambaa. Lilikuwa la moto kama pasi.

Hapo nikajua. Nimeshaitwa kwenye nyumba nyingi ambako jokofu limesukumwa likagusa ukuta, au limerundikiwa nguo kwa nyuma. Likikosa pa kutolea joto linajizima lenyewe, na mwenye nyumba anadhani limekufa. Kompyuta nayo ina matundu nyuma, na matundu yale yalikuwa yamezibwa.

Yalizibwa na kitambaa cha mama.

Nyumba nyingi huku kwetu, redio au televisheni isipotumika inafunikwa. Ni heshima kwa kitu, na vumbi la barabarani halimsubiri mtu. Dada alipomweleza mama kwamba anafanya kazi kwenye mashine iitwayo kompyuta, mama alimwambia apime urefu na upana wake kwa uzi, ampelekee Rondo. Akashona kwa kitenge kizito, akatia bitana, akadarizi mabibo mekundu kwenye pindo, korosho zake zikining'inia chini. Kilikuwa gauni kamili, kikishuka toka juu ya kioo hadi mezani. Alikimaliza mwezi wa Mei, mwaka huo huo wa 2005. Wiki mbili baadaye akafariki, bila kuiona kompyuta.

Msibani dada hakulia. Alipika, alipokea wageni, alitafuta mikeka. Sisi wadogo zake tulilia kwa niaba yake. Aliporudi kazini, kila akianza kupiga chapa alikikunja kile kitambaa, na kila akiondoka alikitandaza. Na wakati wa apdeti hakuna cha kupiga chapa. Basi alikitandaza.

Ningemwambiaje? Nilisema tu, "Umeme mzuri, dada," nikachukua mfuko wangu nikaondoka.

Ijumaa nilirudi nikiwa nimepanga maneno. Nikamkuta anakinyoosha kile kitambaa kwa kiganja, pole pole, kama unavyonyoosha shuka la mgonjwa. Nikaomba maji ya kunywa. Nikanywa, nikaaga.

Jumamosi Mzee Husain alikuwa ameshazungumza na mtu wa kununua kompyuta. Angekuja saa kumi jioni kuitazama. Nilipoingia chumba cha nyuma, saa tano hivi, dada alikuwa ameanzisha apdeti tena, na kitambaa kiko mikononi mwake.

"Dada, usiifunike."

"Kuna vumbi, Sipi."

"Acha liingie."

Akanitazama. Sikumzoesha maneno ya amri.

"Inapata joto," nikasema. "Kule nyuma kuna matundu ya kutolea joto, na kitambaa kinayaziba. Joto likizidi inajizima yenyewe. Kama friji."

"Kitambaa hiki?"

"Ndiyo, hicho."

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Sipriani! Jana umekuja hapa, umekunywa maji yangu, umeaga, na unajua?"

"Nilishindwa kusema."

"Umeshindwa! Mashine inakwenda kuuzwa, wewe umeshindwa!"

Halafu akakitazama kitambaa, na hasira ikamtoka. "Kumbe ni mama," akasema. "Siku zote hizi ni mama ndiye ananizimia mashine." Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya maboksi ya karatasi, na hapo kicheko kikageuka. Alimlia mama kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Mei, kitambaa kikiwa mapajani.

Mzee Husain alichungulia mlangoni. Nikamsikia anarudi mbele na kuuvuta mlango wa duka. "Tumefunga kidogo," akamwambia mteja. "Njoo baada ya swala."

Nilimwacha alie. Nikaizima kompyuta ipoe, nikapuliza vumbi kwenye matundu kwa pampu yangu, nikaisogeza mbali na ukuta. Mzee Husain akaleta feni ndogo ya mezani kwake, akaielekeza pale nyuma. Dada akajifuta uso kwa kanga, akakunja kitambaa mara nne na kukitia kwenye mkoba wake.

"Nitakiweka kitandani kwangu," akasema. "Mimi sizimiki."

Akaianzisha tena. Safari hii tulikaa wote wawili mbele yake, tukitazama mstari wa kijani ukisogea.

"Mama aliniuliza kompyuta ina miguu mingapi," dada akasema. "Nikamwambia haina. Akasema, basi inakaa kama nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kama Sipi. Ukiiweka mahali haisemi."

Mstari ukafika robo tatu ukasimama. Dada akanishika mkono wa shati. Tukasubiri hivyo, sijui dakika ngapi, nikiwa naweka kiganja juu ya boksi kila mara kupima joto. Lilikuwa vuguvugu tu. Mstari ukasogea tena, ukafika mwisho. Kompyuta ikataka kuzimwa na kuwashwa upya. Dada akakataa kubonyeza, akaniambia nibonyeze mimi. Nikabonyeza. Ilipowaka ikaandika kwamba apdeti imekamilika. Dada aliyasoma maneno hayo mara mbili kwa sauti.

Mzee Husain akachukua simu. "Yule mtu wa saa kumi," akasema, "nitamwambia asijisumbue na jua hili."

Jumatatu nilipita dukani kabla ya kwenda sokoni. Bi Mwanasha alikuwa ameshafika. Akachomeka flashi yake mpya, dada akaandika mistari miwili, wakaichomoa, wakaichomeka tena, wakafungua. Maneno yalikuwa maneno. Hakukuwa na kimraba hata kimoja.

"Imechanjwa?"

"Imechanjwa, dada. Na mimi nimepoteza kilo mbili."

"Ungepoteza tano ungependeza zaidi," alisema Bi Mwanasha, akatoa bahasha ya khaki yenye maswali yaliyoandikwa kwa mkono, akaiweka mezani.

Dada akavuta kiti. Kisha akageuka, akaniona nimesimama mlangoni.

"Wewe Sipi, unasubiri nini?"

"Naangalia tu."

"Mtihani hauangaliwi. Toka."

"Huyu si ndugu yako, ndiye aliyeiponya mashine?" Bi Mwanasha akauliza. "Ana watoto?"

"Anaye mmoja. Darasa la nne."

"Ee! Basi atoke mbio!"

Nikatoka, na dada akanifungia mlango kwa ufunguo.