Kurasa Zilizoshonwa kwa Cherehani

Enzi zetu kule Tongaren, kitabu kimoja kilitosha nyumba nzima. Msimu wa kupukuchua mahindi tulijaa stoo, vidole vikiuma, na mimi niliyependa kusoma nikiwasimulia kitabu cha wiki hiyo: leo wafalme wa kale na vita vyao, wiki ijayo makarani wa mjini na mapenzi yao. Kukhu, nyanya yangu, hakujua herufi hata moja, lakini maswali yake, wacha tu! Alikuwa anasimamisha vita katikati aulize askari wamepikiwa nini.

Vitabu nilikuwa naazima kwa Mzee Harjit, fundi wa nguo Kitale. Sharti lake lilikuwa hili: hupewi kingine mpaka umsimulie ulichosoma, na mbishane.

Siku moja nikatangaza, "Imeisha," nikaweka kitabu chini. Asubuhi nikakuta Kukhu amewasha moto kwa kurasa za mwisho.

"Si ulisema imeisha?" akashangaa. "Mahindi ikiisha, si gunzi tunachoma?"

Nililia sana, maana nilijua sitaazimwa kitabu tena. Kukhu akajifunga leso, tukaenda Kitale pamoja. Nilikiri nikiangalia vidole vya miguu. Mzee Harjit akauliza kama naukumbuka mwisho. Nikasema mfalme alikufa akimngoja mwanawe aliyepotea vitani. Kukhu akadakia: ati nani kasema? Kijana alirudi, ila alichelewa njiani kwa sababu ya mguu ulioumia vitani. Wakabishana wazee wale hadi chai ikapoa. Mwishowe Mzee akacheka, akanipa karatasi niandike miisho yote miwili, akaishona kitabuni kwa cherehani. Akasema kitabu hicho sasa ni changu, kisha akaniazima kingine. Jamani, nilivyopumua! Njia nzima nilikuwa naimba.

Siku hizi binti yangu, hapa mtaani Tuwan, ana vitabu tele kwenye simu. Anasoma muhtasari dakika mbili, basi, "Nishamaliza, Mathe." Nilishaanza kuogopa kwamba mambo yetu yameishia kwetu. Juzi nikamtolea kile kitabu chenye uzi mweusi, nikamwambia mwisho wa pili ni wa Kukhu. Akasoma mwisho wa kwanza, akasoma wa pili, akaweka simu kando.

"Lakini Kukhu alijuaje ni mguu?"

Nikamsogezea sinia ya mahindi ya kupukuchua, nikamwambia akae.