Nesi Aliyeifundisha Simu Kusema "Ila"

Saa moja kasoro robo asubuhi, nesi anaingia kwenye chumba chake cha zahanati, anaweka kikombe cha chai dirishani, na hakigusi. Kwanza simu. Kioo chake kimepasuka kona moja na kuzibwa kwa plasta ya vidonda, lakini humo ndani wamo watu mia moja arobaini na watatu.

"Huyu jana kala mara moja tu," anasema, kidole kikipanda juu taratibu. "Huyu kalala saa saba nzima, Mungu ashukuriwe. Huyu dawa hajameza. Mh! Wewe leo tutaonana."

Ungedhani anasoma meseji za ndugu zake. Ni wagonjwa wa akili wa eneo zima, na wauguzi wa kuwatazama ni wawili tu, yeye na mwenzake. Daktari bingwa yuko safari ya saa sita kwa basi, kwa hiyo humpata kwa simu ya video.

Nesi ana miaka arobaini na moja, na kumi na saba kati ya hiyo alifanya kazi wodi ya wazazi. Alipohamishiwa huku, wenzake walimtania hadi machozi yakamtoka.

"Waliniambia, nenda mama, utarudi unaokota makopo," anakumbuka, akicheka sasa. "Nililia siku mbili. Nimezoea kupokea watoto, watu wananiita mkunga wetu. Huku nani ataniita?"

Mpango wenyewe wa kuwafuatilia wagonjwa majumbani ulikuja na simu. Kila alfajiri meseji ilimfikia kila mgonjwa: Habari za asubuhi? Kama ni nzuri, bonyeza moja. Kama si nzuri, bonyeza mbili. Atakayebonyeza mbili, nesi amfuate nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa wiki saba, hakuna aliyebonyeza mbili. Hata mmoja!

Wakubwa wakafurahi, ripoti ikaandikwa, kikao kikaitishwa. "Na mimi nilipiga makofi," nesi anasema, akijifunika uso kwa kiganja. "Nilipiga kuliko wote."

Siku ya hamsini, mke wa fundi seremala aliingia zahanati mbiombio, kandambili mguu huu ya bluu, mguu ule nyekundu. Mumewe, alisema, alikuwa wiki ya tatu anakaa nyuma ya karakana akitazama ukuta. Hali, haogi, hasemi. Dawa alizirundika kwenye kopo la misumari.

Nesi alifungua simu. Fundi: moja, moja, moja, siku arobaini na tisa.

"Nilizipitia zote tena, moja baada ya moja," anasema. "Nikajiuliza, kumbe nilikuwa nachunga picha ya mtu, mtu mwenyewe anazama?"

Alimfuata. Akaketi chini karibu naye, kwenye maranda ya mbao, hadi jua lilipohama kwenye bati. Hatimaye akamwonyesha simu. "Kaka fundi, mbona kila siku umeniandikia nzuri?"

Fundi alimtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Dada nesi, mtu kakuamkia asubuhi asubuhi, umjibu vibaya? Hatukulelewa hivyo." Kisha akaongeza maneno ambayo nesi huyarudia mpaka leo kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbele ya kitu kikubwa: "Unajibu nzuri kwanza. Halafu ndiyo unasema *ila*. Sasa simu yako haina pa kuweka *ila*."

Wataalamu waliotunga meseji ile walisoma vyuo vikubwa. Aliyeona tundu lake alikuwa mgonjwa aliyeshinda wiki tatu akitazama ukuta. Nesi anasema hapo ndipo woga wake wa watu hawa ulipomwisha, na heshima ikaingia.

Siku ileile daktari alimwona fundi kwa video na kumbadilishia dozi. Nesi alikwenda kwake siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na moja alimkuta kashika randa, analainisha ubao ambao hakuna aliyeuagiza. Mkewe alikuwa kasimama mlangoni, mkono mdomoni, hathubutu hata kukohoa.

Ndipo nesi akawavaa wakubwa. Alitaka meseji isiamkie tena, iulize mambo yanayohesabika: umekula mara ngapi, umelala kwa saa ngapi, dawa umemeza? Na mwisho iweke neno moja tu, *Ila?*, mtu aseme kwa sauti yake.

"Waliniambia hilo si swali la kitaalamu," anasema. "Nikawaambia, haya, la kitaalamu tumeliona."

Wiki ya kwanza, sauti thelathini na moja ziliingia. "Ila nikipita wanacheka." "Ila mama ananificha wageni wakija." "Ila nataka kazi, hata ya kufagia." Nesi alizisikiliza zote mlango ukiwa umefungwa, akatoka macho mekundu. Tangu hapo mtaa mzima humwita Dada Ila.

Anachotamani sasa ni zahanati zote kumi na mbili za jirani zipewe swali hilo, na kila moja ipate walau nesi mmoja wa kulisikiliza. "Simu haitibu mtu," anasema. "Simu inakuonyesha mlango. Kuingia unaingia wewe."

Saa moja na dakika ishirini. Majibu mia moja arobaini na mawili yamefika. La fundi halipo. Nesi anaangalia tena. Anainuka, anakaa, anainuka tena, anatafuta mkoba wake wakati uko begani.

Simu inalia: ujumbe wa sauti. Sauti ni nzito, ya mtu anayevuta maneno kutoka mbali.

"Dada nesi. Nimekula mara mbili. Nimelala kwa saa tatu tu. Dawa nimemeza. Ila leo vibaya, dada. Vibaya kweli. Njoo."

Nesi anaisikiliza mara mbili. Machozi yanamtoka, na anatabasamu waziwazi, bila haya.

"Ameniambia mwenyewe," anasema, tayari yuko nje, na anaanza kukimbia.