Yangeyange wa Ijumaa

Mjomba wangu alikuwa na hofu moja tu, na haikuwa hofu ya kufa. Aliogopa kuzikwa bila kwaya.

Alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha kwetu Gusii, chenye ngozi ya ng'ombe na sauti inayotoka chini kama fahali anayelia ng'ambo ya bonde. Kwa miaka mingi aliipiga penye pombe, kwa sababu ndipo penye watu. Wazee wa kanisa wakamwonya, wakachoka, wakaliondoa jina lake kitabuni. Baadaye jirani yake mmoja, aliyeondolewa vivyo hivyo, akafariki. Alizikwa na wanawe na majembe yao. Hakukuwa na mchungaji, na hakuna aliyeimba. Mjomba alinisimulia mara nyingi alichokisikia siku ile.

"Udongo, mama," alisema. Mimi huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Bila wimbo, udongo unasikika wote."

Akarudi kanisani, akabatizwa upya. Wazee walimpa sharti lililoeleweka na kila mtu pale kijijini, upande wa Nyaramba. Apige harusini, apige shuleni, apige popote pasipo pombe, lakini siku ya Sabato asiiguse obokano. Na Sabato haisubiri Jumamosi ipambazuke. Inaingia Ijumaa jua linapotua. Akivunja tena, jina linatoka.

Mimi ndiye niliyempeleka chuoni siku ya Ijumaa.

Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo sijakaa mahali. Nimechuma chai, nimesugua vinyago vya mawe ya sabuni kwa msasa mpaka vidole vikapoteza alama, nimeuza maparachichi Masimba, nimefua nguo za walimu. Kila nilipoondoka, watu walidhani nimefukuzwa. Mara nyingi nilikuwa nimesikia tu kuwa mahali fulani kuna jambo sijaliona. Agosti ile nilikuwa nikifagia na kupanga viti katika chuo kimoja karibu na mji wa Kisii, likizo ikiwa imeanza. Wanafunzi waliobaki walikuwa wakiandaa wiki ya sanaa: michoro ukutani, mashairi, ngoma, bendi jukwaani. Nilisimama na ufagio nikisikiliza mazoezi kuliko nilivyofagia. Siku moja nikamwambia kijana aliyekuwa akipanga ratiba kwamba nina mjomba anayepiga obokano.

"Ile kitu kubwa?" akauliza. "Si walikufa wote?"

"Mmoja yuko Nyaramba, anapalilia ndizi."

Alimwandika Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilihesabu: apige nusu saa, saa kumi tuwe barabarani, saa kumi na moja na nusu awe kwake ameshaoga. Mkaza mjomba hakuipenda hesabu yangu. Ijumaa ni siku yake ya kupika chakula cha Sabato na kunyoosha nguo, na alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi ya makaa.

"Wewe umewahi kufika mahali kwa wakati?"

"Nitamrudisha, mama. Naahidi."

"Usiahidi. Mrudishe."

Tulifika chuoni saa saba mchana, obokano ikiwa imefungwa kwenye blanketi nyuma ya gari kama mgonjwa. Saa nane mvua ikanyesha. Si mvua ya kushangaza mtu, Agosti kwetu haisahau mvua ya alasiri, lakini jukwaa lilikuwa uwanjani na nyaya za umeme zilitapakaa kwenye nyasi. Kila kitu kikasimama. Vijana wakafunika spika kwa maturubai, nasi tukajibanza barazani. Mjomba aliifunua obokano, akagusa uzi mmoja kwa kidole. Ukatoa sauti ya kitu kilicholowa.

"Ngozi imelegea," akasema. "Inataka moto."

Mvua ilikatika saa tisa na nusu. Nikatoka kutafuta moto. Langoni kulikuwa na mama anayechoma mahindi, nikamwomba tusogeze ngozi kwenye jiko lake. Alimtazama mjomba akiinamisha kile kidude juu ya makaa, akikizungusha polepole, akikipiga kofi kusikiliza.

"Mzee, hiyo unaichoma au unaipikia wageni?"

"Naiamsha."

"Basi iamshe upesi, wateja wangu watadhani nauza ngozi."

Alicheka, mjomba akacheka, mimi sikuweza. Nilikuwa nikitazama mawingu. Hayakuonyesha jua liko wapi.

Saa kumi jukwaa likawashwa. Nikaenda kwa kijana wa ratiba, aliyevaa kofia kubwa na kushika kipaza sauti kana kwamba alizaliwa nacho.

"Sasa ni zamu ya mzee."

"Tulia, siste. Hawa washairi walikuwa kabla yake. Halafu bendi inajaribu vyombo dakika mbili."

"Mzee ni Msabato. Jua likizama hapigi."

Akatoa simu. "Leo jua linatua saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tuko na wakati mob."

Washairi walikuwa wanne na kila mmoja alikuwa na mengi moyoni. Kisha bendi ikapanda, ikasema moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, mpaka saa kumi na moja ikapita. Mpiga ngoma alilalamika kiti, wakatafuta kiti. Mpiga gitaa alilalamika waya, wakatafuta waya. Nilirudi kwa mjomba nikamwambia turudi nyumbani.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, obokano imesimama mbele yake, ngozi imekaza. Alikuwa amevaa koti la harusi yake.

"Mara ya mwisho kupiga mbele ya watu wengi wasiolewa ni lini?" akaniuliza.

"Sijui, mjomba."

"Mimi pia sijui. Tungoje kidogo."

Nikamweleza habari ya saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alitikisa kichwa. Nyumbani kwake jua huingia nyuma ya kilima mapema kuliko kalenda, na yeye hufuata kilima. Hapa hakukuwa na kilima chake wala jua lenyewe. Aligeuza shingo akitafuta, kisha akanionyesha mikaratusi mirefu nyuma ya bweni. Ndege wa yangeyange walikuwa wameanza kuja, wawili, watatu, weupe, kutoka upande wa mtoni, wakitua kwenye matawi ya juu.

"Hao hawadanganywi na mawingu," alisema. "Wote wakishatua na wakanyamaza, siku imekwisha. Nikipiga nafumba macho, unajua. Wewe simama nyuma yangu uwatazame. Wakitua wa mwisho, niguse bega."

"Hata kama wimbo haujaisha?"

"Wimbo utaisha siku nyingine."

Aliitwa saa kumi na mbili na dakika kumi.

Mwanzoni wanafunzi walicheka. Si kwa ubaya. Mzee wa koti la harusi na kitu kikubwa kuliko yeye. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Buda, hiyo inashika Wi-Fi?" Mjomba hakuelewa, akainamisha kichwa kama mtu aliyesalimiwa, wakacheka zaidi. Kisha akagusa uzi wa chini. Kijana wa spika alikuwa ameweka kipaza sauti karibu na ngozi, na ile sauti ikatoka ikapita kwenye miguu yetu kabla ya kufika masikioni. Nikaona msichana mbele akishusha simu aliyokuwa anarekodia, akaitazama obokano kwa macho yake.

Aliimba wimbo niliousikia utotoni vipande vipande. Ni wa mtu aliyepoteza ng'ombe. Anatoka kwao kumtafuta, na kila mto anaouvuka anauuliza, na kila mto unamjibu amepita hapa, ongeza mwendo. Mwisho wake sikuwahi kuusikia. Tulipokuwa wadogo tuliitwa kula kabla haujafika, na nilipokuwa mkubwa nilikuwa nimeshaondoka.

Nilisimama nyuma yake, macho yangu kwenye mikaratusi. Ndege walikuja kwa makundi, kumi, ishirini, wakigombania matawi, wakipiga kelele. Mjomba alivuka mto wa kwanza. Alivuka wa pili. Watu waliokuwa wakinunua mahindi langoni walianza kuingia uwanjani. Wazee wawili wa kufagia, wenzangu, walikuwa wakiitikia kiitikio kwa Ekegusii, kisha wanafunzi wakakishika bila kujua maana, na uwanja mzima ukawa unaongeza mwendo pamoja na yule mtu.

Kwenye ukingo wa uwanja nikamwona mzee mmoja wa kanisa letu. Nadhani alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake na sauti ikamvuta. Alisimama na mwavuli uliofungwa, hakutikisika. Aliwatazama watu, akamtazama mjomba, kisha akatazama mbinguni.

Kundi la mwisho la yangeyange lilikuja dogo, ndege watano. Wanne wakatua. Wa tano akazunguka mara moja, akapata tawi, akakunja mabawa.

Mkono wangu ulikuwa tayari hewani. Bega la koti lilikuwa mbele yake, umbali wa kiganja. Mjomba alikuwa amefika mto wa mwisho. Alikuwa amesema ndio wa mwisho. Nikajiambia ndege bado wanapiga kelele. Ni kweli, walikuwa wakipiga kelele kidogo. Nikajiambia wanyamaze kwanza, si ndivyo alivyosema. Wakanyamaza. Mkono ukabaki pale pale hewani, nami nikiusikiliza wimbo.

Yule mtu alirudi kwao mzee. Akipanda kilima akasikia fahali akilia nyumbani, akakimbia. Hakukuwa na fahali. Ng'ombe wake alikuwa amerudi mwenyewe siku ile ile aliyoondoka kumtafuta, akazeeka, akafa, na ngozi yake wameiwamba kwenye obokano. Ndiyo hii, mjomba aliimba, na akaipiga ngozi kwa kiganja mara tatu.

Akafumbua macho. Watu walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Yeye hakuwatazama. Aligeuka akatazama mikaratusi, myeupe juu kote, kimya, kisha akatazama mkono wangu ambao bado sikuwa nimeushusha.

"Walitua lini?" akauliza.

"Sasa hivi."

Aliendelea kunitazama.

"Kitambo kidogo, mjomba."

Akachukua blanketi akaanza kuifunika obokano, na mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu anayeficha. Njia nzima ya kurudi hakuniita mama. Mkaza mjomba alitufungulia mlango, taa imewashwa, nyumba inanukia sabuni na ndizi. Alitazama nyuso zetu, akaenda kumwekea maji.

Asubuhi nilikwenda kanisani, mimi ambaye nilikuwa sijaingia humo miaka mingi. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Yule mzee wa mwavuli alikuwa mbele. Sijui kama angesema lolote. Mjomba hakumpa nafasi. Wakati wa matangazo alisimama akasema jana aliigusa obokano baada ya jua kutua, mbele ya watu wengi, na hana la kujitetea.

"Ulikuwa na nani wa kukukumbusha?" mzee akauliza.

"Hakuna. Nilifumba macho yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimeshasimama kabla sijaamua kusimama. Nikasema mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutazama, niliwaona ndege wakitua, na sikumgusa. Watu wakageuka wote. Mzee akaniuliza kwa nini.

"Nilitaka kusikia mwisho."

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Nikaona kwamba na yeye jana alikuwa ameusikia mwisho, kwa kuwa hakuondoka.

"Wewe si mshiriki wa kanisa hili," akasema hatimaye. "Hatuna la kukuamulia. Keti."

Walimwamulia mjomba. Hawakuliondoa jina, waliliweka kando miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo hashiriki meza ya Bwana, hasimami mbele, na akifariki kanisa halimziki. Hilo la mwisho halikusemwa kwa sauti. Halikuhitaji kusemwa.

Mjomba ana miaka mingi na kifua kibaya, na mvua za mwaka huu hazijakoma. Sikurudi chuoni. Kijana wa ratiba alipiga simu akisema watu wanamwulizia mzee, nikamwambia aulize mwakani. Nalala jikoni kwa mkaza mjomba, napasua kuni, nakanda kifua cha mjomba kwa mafuta, na akikohoa usiku naamka kabla yake. Hatujalizungumzia jambo lile. Wiki ya tatu alianza tena kuniita mama.

Imebaki Sabato nne. Ijumaa alasiri huichukua obokano akakaa mlangoni, apige kidogo kabla siku haijaisha, nami husimama nyuma yake nikitazama miti iliyo bondeni. Namgusa bega mapema, yangeyange wakiwa bado mtoni.

"Hawajaja hata mmoja," alilalamika Ijumaa iliyopita.

"Wanakuja."

Akafunika nyuzi kwa kiganja, akacheka, kikohozi kikamkatiza. Nilishika bega lake mpaka kilipopita.