Mzuka Aliyesingiziwa Pete

Hoteli ninayofanyia kazi ilijengwa zamani za magari ya farasi. Lango lake ni refu kupita kiasi kwa sababu abiria wengine walikaa juu ya paa la gari, na lango fupi lingewakata vichwa. Ndani kuna uwanja wa mawe, na kuuzunguka uwanja kuna roshani za mbao zenye vyumba. Mazizi ya farasi sasa ni baa. Watu waliokuwa wakitoka London kuelekea pwani ya Kent walilala hapo kungoja farasi wapya, na inasemekana baadhi yao hawajaondoka hadi leo.

Hilo la mwisho ndilo linaloleta wateja. Vitanda vyetu vinalia, maji ya moto huja yakipenda, na sakafu imeinama hata ukiangusha sabuni inabidi uifuate hadi ukutani. Lakini watu wanatoka miji ya mbali kuja kulala kwa ajili ya mzuka. Chumba chake ni cha mwisho kwenye roshani ya juu, na hakikosi mgeni. Nimekisafisha kwa miaka na sijaona kitu humo isipokuwa vumbi.

Kila Jumamosi alasiri huja mzee mmoja, zamani mwigizaji, amevaa koti jeusi na kofia ndefu, akawakusanya wageni uwanjani na kuwasimulia. Ana sauti nzuri, sikatai. Hadithi yake ni hii: tajiri mwenye mashamba ya miwa ng'ambo alilala hapa na mkewe na mtumishi wao, msichana mweusi. Asubuhi pete ya bibi haikuonekana. Msichana akafungiwa chumbani bila moto wala chakula hadi aseme ameificha wapi. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Hakusema neno, akafa. Hapo mzee hushusha sauti: tangu siku hiyo mwizi yule hutembea chumbani akitafuta kila kinachong'aa, basi ukilala kule, funga vitu vyako. Wageni hucheka na kushikana mikono.

Mimi hupita roshani ya juu na mashuka kifuani, nikasikia neno hilo, mwizi, likipanda kutoka uwanjani, na damu ikanichemka. Pete haikuonekana kwake. Hata mzee mwenyewe hasemi kwamba ilionekana. Binti wa watu alikufa kwa baridi, na aliyemfungia mlango haitwi jina lolote baya, anaitwa tajiri.

Labda inanichoma kwa sababu mimi ni Mpemba. Mtanzania mwenzangu akijua nimetoka Pemba, kabla hajaniuliza hali ananiuliza majini yangu nimeyaacha wapi. Mpishi wetu, mtu wa Morogoro, aliniambia siku ya kwanza, "Afadhali umekuja, bibie, wewe utaongea nao." Nikamjibu ningekuwa na majini yanayotumwa, ningeyatuma yakatandike vitanda, mimi nikalala. Alicheka sana. Lakini mtu akishabandikwa hadithi, anazeeka nayo. Najua uzito wake.

Baadaye tuliletewa mwanamke kijana kutoka Kongo ya mashariki, na nikaambiwa nimfundishe kazi. Nilimpenda mara moja. Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda kwa mapigo mengine, na changu kilimchekesha, ila tulielewana. Alikuwa akilea watoto wawili peke yake huko Woolwich, mbali kidogo na ninapokaa, nasi tukawa tunarudi kwa basi moja. Alikuwa mwepesi na msafi wa mikono. Aliogopa kitu kimoja tu, chumba cha mwisho. Alikuwa amemsikiliza yule mzee wa kofia tangu mwanzo hadi mwisho, na kwao mtu hasimulii habari za wafu kwa mchezo. Akaamini kila neno.

Mimi nikiingia chumba kitupu hutoa salamu, kama tulivyolelewa, kwa sababu nyumba haikosi viumbe wa Mungu. Yeye alisimama mlangoni akaomba kwa jina la Yesu, kisha akaingia na ufagio wa umeme. Kati yetu wawili, mzuka yule alisalimiwa kwa dini mbili.

Siku moja akiwa zamu peke yake upande ule, mgeni wa chumba cha mwisho alitoka kutembea na kuacha pete yake ya ndoa kwenye beseni la kunawia. Aliporudi hakuiona. Akapiga kelele zilizosikika hadi baa. Wakati huo mwenzangu ameshaondoka kazini, yuko kanisani kwenye maombi na simu ameizima. Walipompata, alisema bila kusita pete iko wapi. Meneja alipanda, akafungua mtoto wa meza, akachukua Biblia iliyomo, akaifungua, na pete ikamwangukia mkononi.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Asubuhi nilimkuta mwenzangu amekaa kwenye chumba cha mashuka, hajavaa sare. Ameambiwa angoje kuitwa ofisini.

"Mama, miye niliona ile pete kwa lavabo, inangaa," aliniambia. "Nikasema, ule mwizi atakuja kuibeba. Njo nikaiweka mu Biblia, mu Zaburi. Pale hawezi gusa."

"Na umewaambia hivyo?"

"Niliwaambia. Wanasema nilificha juu ya kuibeba kesho."

Alikuwa halii. Afadhali angelia. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa wazi kwetu sote: akifukuzwa kwa wizi, si hoteli hii tu. Hakuna hoteli nyingine itakayomchukua, wala hataruhusiwa kumuogesha mzee wa mtu, wala kusafisha skuli. Katika mji huu, mwanamke wa kazi kama zetu ana mikono yake na jina lake, na mikono bila jina haiajiriwi. Watoto wake wangekula nini?

Nikaweka mashuka chini. "Twende," nikasema.

"Hawakukuita, mama."

"Nshajiita."

Meneja wetu si mtu mbaya. Ni msichana wa Kiingereza mwenye umri wa binti yangu, na anaogopa malalamiko ya wageni kuliko anavyoogopa mizuka. Aliniambia kwa upole nitoke nje, hili ni jambo la siri la wafanyakazi. Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, ambacho nikikasirika hunyooka ajabu, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha huyu, na kama ni mwizi basi aanze na mwalimu wake.

Akaeleza. Kuficha kitu cha mgeni ni hatua ya kwanza ya kukiiba. Na sababu iliyotolewa, samahani, ni ya kitoto. Mtu mzima hawezi kusema ameficha pete kwa kuuogopa mzuka.

"Nani aliyemwambia kuna mzuka?" nikamuuliza.

Akazipanga upya karatasi zilizokuwa mezani.

"Mimi sikumwambia," nikaendelea. "Kwenye kanisa lake hawakumwambia. Mmemwambia ninyi. Kila Jumamosi mnasimama uwanjani kumwambia kila mtu kuna mwizi chumba cha mwisho, fungeni vitu vyenu. Yeye akakuta kitu hakikufungwa, akakifunga. Ninyi mmesema, yeye ametii."

"Hiyo ni burudani tu," akasema.

"Sawa. Basi chagua. Kama mzuka upo, huyu amelinda mali ya mgeni wako, mshukuru. Kama haupo, Jumamosi hii simama uwanjani uwaambie wageni kwamba haupo, na chumba kile ni chumba kama vingine. Nitakubali lolote kati ya hayo. La tatu sikubali."

Mwenzangu alikuwa akinivuta mkono wa sare. Sikugeuka. Na mimi nina kodi ya nyumba, lakini nilikuwa nimeshaamua sitoki kwenye kiti kile bila jina lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Meneja aligeukia dirisha, akatazama juu kwenye roshani. Sidhani kama alikuwa anafikiria haki. Nadhani alikuwa anafikiria chumba cha mwisho na wageni wake. Akasema atazungumza na mwenye pete. Mwenye pete aliposikia kwamba mfanyakazi aliificha kwenye Zaburi ili mzuka usiichukue, alicheka hadi machozi, akasema hajapata kusikia kitu kizuri kama hicho, na akaenda kukisifia kwenye mtandao. Kufikia mchana mwenzangu alikuwa amevaa sare. Hakuna aliyemwomba radhi. Alirudishiwa ndoo yake, basi.

Kwenye basi alinishika mkono njia nzima. Furaha ilinijaa, nisiseme uongo. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kinanikereketa, na nikamwambia. Huyu wa Kongo tumemtoa, ila yule wa chumba cha mwisho tumemwacha ndani. Amesingiziwa pete ya kwanza, na leo tumepona kwa kukubali kwamba angeiiba na ya pili.

"Mama, wacha," akasema. "Ule alishakufa. Haiko na watoto wa kulisha. Miye niko nao."

Sikumlaumu. Alisema kweli. Nami niliapa kimoyomoyo nitamwendea yule mzee wa kofia, nimwombe aache lile neno moja. Nilimwendea, tena zaidi ya mara moja. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia bila mwizi hakuna hadithi. Nikamwambia mwizi yupo, ni yule aliyemfungia mtu mlango. Akatabasamu, akasema nina kipaji.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka zamu, tumevaa makoti, mvua nyembamba inanyesha. Ilitubidi tukate uwanjani kufika langoni, na uwanja ulikuwa umejaa watu wenye miavuli. Mzee alikuwa amefika kwenye sauti ya chini. Lakini hadithi ilikuwa imeota mkia mpya. Hata hivi karibuni, alisema, mfanyakazi mmoja wa Kiafrika wa hoteli hii, mwenye hofu kuu, alilazimika kuficha pete ya mgeni ndani ya Biblia, kwa sababu alimwona mwizi akiinyoshea mkono.

Wageni wakaguna kwa raha. Mimi nikamwangalia mwenzangu nikidhani atainamisha kichwa tupite, kama alivyonishauri mwenyewe. Aliweka mfuko wake chini kwenye mawe yaliyolowa.

"Ni mimi," alisema kwa Kiingereza. Sauti haikuwa kubwa, ila watu waligeuka wote. "Sikumwona mtu. Niliogopa kwa sababu ninyi mlisema. Halafu pete ilipopatikana mlisema mimi ndiye mwizi."

Mzee alivua kofia yake. Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya jukwaani. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia, kwamba pole, hii ni hadithi tu ya zamani, hakumaanisha.

"Yeye pia alisingiziwa," mwenzangu akasema, akinyoosha kidole juu kwenye mlango wa mwisho. "Hakuwa na mtu wa kukaa naye ofisini. Msimwite mwizi. Hakuiba."

"Umejuaje?" akauliza mgeni mmoja, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua.

"Kwa sababu mimi sikuiba."

Nilimwona meneja kwenye dirisha la ofisi, amesimama. Nilijua kwamba Jumatatu huenda tukaitwa wote wawili, na nilijua kwamba nitakwenda, nitavuta kiti kile kile, nitakaa.

Kwetu, kabla jeneza halijainuliwa kupelekwa kuzikwa, sauti huuliza, mnamshuhudiaje maiti huyu? Na waliopo hujibu kwa pamoja. Huulizwa wanaume. Sisi wanawake hatwendi makaburini, tunabaki ndani na kusikia jibu likipita dirishani. Nimelisikia kwa baba yangu, kwa mume wangu, na sijapata kulitoa maishani mwangu.

Nilisogea nikasimama karibu na mwenzangu, nikainua uso kwenye mlango ule, mvua ikinipiga machoni.

"Mtu mwema," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele yao wote.

Mwenzangu akageuka akaniangalia. Hakujua desturi yetu, lakini aliyaelewa maneno.

"Mutu mwema," akasema.

Kisha tukasema tena, pamoja.